Fundi na Jiwe Bichi

Mtaani kwetu Kawajense wote tulimwita Fundi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuchoma matofali, na kutoka kwenye matofali akaingia kwenye mahali pa moto: majiko ya nje ya shule, matanuri ya mikate, na yale mashimo ya duara ya uani ambayo watu wa huku tunayazunguka kuota moto baridi ya Juni inapoanza kuuma. Alikuwa mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu wageni wakiambiwa "nenda kwa Fundi" walikuwa wanatafuta mwanaume, na yeye aliwaacha watafute. Nimewahi kumwona mtu na pikipiki yake amesimama mbele yake, Fundi mwenyewe udongo umemfika viwikoni.

"Mama, samahani, Fundi yupo?"

"Yupo."

"Naomba uniitie."

"Umeshamwita. Sema shida."

Sijui alizaliwa wapi na sikuwahi kuuliza. Ninachokijua ni kwamba jina lake liliharibika mtaani kwa sababu ya jiwe moja lililopasuka nyumbani kwangu, na katika kuharibika huko mimi nina fungu langu. Niliishia darasa la saba, ninatengeneza baiskeli karibu na stendi, na nina mazoea ya kuandika mambo ya siku kwenye kaunta buku. Siku zile za jiwe niliandika mistari miwili tu. Kwa hiyo sina uhakika na kila neno ninaloliweka hapa. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Nianze na jinsi alivyokuwa akichagua vitu, maana hapo ndipo alipokuwa yeye hasa. Tanuru la matofali likishapoa, wanunuzi wengine huchukua ya juu, yaliyo karibu na mkono. Fundi alikuwa akipita ya pembeni bila hata kuyatazama. "Haya yamesikia habari za moto," alisema, "hayajauona." Alitaka ya katikati, yale yaliyopakana na midomo ya tanuru, yenye wekundu wa kuelekea weusi. Akichukua mawili aliyagonganisha karibu na sikio la kushoto, kwa sababu la kulia lilikuwa halisikii vizuri. Tofali lililoiva linaita, lisiloiva linakohoa. Ndivyo alivyosema, na ukisikia mara moja unaelewa. Baadaye alilizamisha kwenye ndoo mpaka siku ya pili, na kama limetoka na kona zake zote nne analiweka upande wa kazi.

Saruji hakuitaka kabisa karibu na moto. Alisema saruji ni ya kuzuia mvua, na bloku ukilipikia kila siku linageuka unga. Alijengea udongo wa kichuguu, tena si wa juu ambao mvua imeushika, bali wa katikati. Aliuchanganya na mchanga na majivu kidogo, akaufunika kwa gunia lenye maji siku tatu. Siku hizo tatu ukimuuliza kazi imefika wapi anakujibu udongo umelala.

Chuma alikubali kama ni chuma kitupu. Ringi ya Fuso iliyokatwa ilikuwa inamfaa, na nyumba kadhaa za mtaani zina ringi alizozichimbia yeye. Pipa lililopakwa rangi alilikataa mpaka liunguzwe kwanza mbali na watu. Bati alilikataa lote, hasa jipya, kwa sababu likipata moto mkali moshi wake unabana kifua. Na yale mawe meupe yanayong'aa, ambayo wachimbaji wa dhahabu huyatupa na watu huyaokota kwa uzuri wake, aliyaita mapambo ya kaburi. Aliyaondoa kwenye ua wa mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Katekista wetu aliwahi kumtaka amjengee mahali pa moto pa kisasa, kuzunguka kote tailizi za bluu zilizobaki kwenye nyumba yake. Fundi aliziangalia zile tailizi muda mrefu.

"Katekista, unataka kuota moto au kuoga?"

"Nataka papendeze, Fundi. Wageni wanakuja."

"Zikipata moto zitaruka kama bisi. Wageni wataondoka na bluu usoni."

Katekista alicheka lakini alichukia kidogo, nadhani. Alijengewa kwa matofali, na hata leo anapasifia kana kwamba mawazo yalikuwa yake.

Sasa lazima niandike upande wa pili, maana nikiandika huu tu nitakuwa nimempaka mafuta. Fundi alikuwa mtu mgumu. Alikuwa na subira ya siku tatu kwa udongo, na kwa binadamu hakuwa na subira ya dakika tatu. Alifundisha kwa nusu sentensi. Ukiuliza mara ya pili alikutazama kama umemkanyaga mguu, kwa hiyo wengi tulikuwa tunaitikia tu, halafu tunakwenda kuulizana barabarani alikuwa amesema nini. Mwiko wake wa kujengea hakuna aliyeugusa. Nilimwona akibomoa kazi ya siku nzima kwenye baa moja kwa sababu tofali moja la ndani alikuwa na wasiwasi nalo, na mwenye baa alipomwambia liache tu, halionekani, alijibu, "Mimi naliona," akaendelea kubomoa. Hilo watu hulitaja kwa kumsifia. Mimi nilikuwepo, na nakumbuka pia kwamba alimtukana yule msaidizi aliyeliweka, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka machozi yakamlenga.

Na moto wenyewe hakuupenda. Nyumbani kwake alipikia gesi. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na ubani ukiwashwa alivuta kanga puani. Kwenye sherehe, duara aliyoijenga mwenyewe ikiwashwa, alivuta kiti akaenda kukaa mbali, akaangalia watu badala ya moto. Niliwahi kumuuliza kwa nini.

"Daktari wa meno anakaa na meno akitoka kazini?" aliniambia.

Aliniita Baiskeli. "We Baiskeli, umeamkaje." Sijawahi kusikia akiniita jina langu na sina hakika kama alikuwa analijua.

Nifike kwenye neno lenyewe. Fundi alikuwa na neno moja alilolitumia kwa kila kitu kisichokuwa tayari kwa moto: bichi. Tofali bichi ni la udongo ambalo halijachomwa, hilo tunalijua wote. Kuni mbichi wote tunazijua. Lakini yeye alisema pia mchanga mbichi, chuma kibichi, na mtu mbichi, yaani mtu anayekubali kazi kabla hajaifikiria. Waliofanya naye kazi walikuwa wanaelewa. Mimi nilidhani ninaelewa.

Mwaka ule baba mkwe wangu alikuja kukaa kwetu akitokea Kasekese. Nyonga ilikuwa inamsumbua na mke wangu alitaka awe karibu na hospitali. Ni mzee wa maneno machache, mkulima, na maisha yake yote alikuwa amezoea kukaa nje jioni kwenye moto kabla ya kulala. Kwetu kulikuwa na jiko la mkaa tu. Jioni alivaa koti, akachukua kigoda, akakaa uani peke yake akiangalia ukuta wa choo. Siku ya nne mke wangu aliniambia, "Baba anatazama ukuta." Hakusema zaidi, na haikuhitajika. Mbele ya mkwe, mwanaume huwa anajiona mdogo hata awe na mvi, na mimi ni fundi baiskeli niliyemchukua binti wa mtu mwenye ng'ombe. Nilitaka sana apate moto, na nilitaka ajue umetoka kwangu.

Nikaenda kwa Fundi. Alikuwa amebanwa na majiko ya shule, lakini alikuja. Alizunguka ua, akatazama upepo unatoka wapi, akatazama fensi ya mabua ya jirani, akachora duara kwa kisigino. Akaniambia nichimbe kufika gotini. Chini nilaze matofali atakayoniletea, na ukuta wa kuzunguka nipange mawe kwa ule udongo wa kichuguu.

"Mawe utatafuta mwenyewe," alisema. "Usilete mabichi."

Akatoka. Mke wangu anasema kabla ya kufika getini aliongeza, "Ya mlimani." Mimi sikusikia. Inawezekana alisema na mimi nikawa nafikiria duara. Inawezekana mke wangu anakumbuka kwa huruma. Nayaandika yote mawili.

Nilikaa siku mbili nikilifikiria hilo neno. Jiwe haliivi, basi litakuwaje bichi? Kumuuliza niliogopa, nimeshasema alivyokuwa. Mwishowe nikapata jibu ambalo lilinifurahisha kwa akili yake: bichi ni kijani. Rangi ya majani mabichi. Fundi alikuwa anakataza mawe yenye ule utelezi wa kijani, na nikajieleza vizuri tu kwamba utelezi ungezuia udongo usishike.

Nikachukua baiskeli na magunia mawili, nikaenda mtoni. Yale yenye kijani niliyaacha yote, hata yaliyokuwa na umbo zuri. Nikachagua ya mviringo, ya kijivu, safi, nikayatoa ndani ya maji moja moja. Nyumbani niliyasugua kwa brashi na sabuni ya unga ili pasibaki hata doa la kijani. Mke wangu alipita na ndoo akasimama.

"Unaosha mawe kama vyombo?"

"Ndivyo Fundi alivyosema," nikamjibu.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kumbebesha Fundi ya kwangu, nikiangalia sasa. Fundi hakusema nioshe kitu.

Moto wa kwanza na wa pili ulikuwa mdogo, na hakuna lililotokea. Baba mkwe alihamisha kigoda bila kuambiwa. Siku ya tatu aliingiza gogo la mninga kwa mkono wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu aje alianza kunisimulia habari za shamba. Jua lilikuwa ndio linazama. Jiwe lilipasuka kwa sauti ya tairi lililojazwa kupita kiasi, sauti ninayoijua kuliko mtu yeyote mtaani, na kipande kikampiga juu ya nyusi. Damu ilimshuka usoni yote. Tulidhani jicho limekwenda. Hospitali walimshona nyuzi tatu, wakasema jicho ni zima, ni bahati.

Kesho yake asubuhi, kichwa kimefungwa bandeji, aliniita.

"Mkwe, yale mawe nani alikuchagulia?"

"Fundi ndiye aliyenielekeza, baba."

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi. Kila neno lililomo ni la kweli. Lakini mzee aliuliza nani alichagua, na mimi nikajibu nani alielekeza, na nilijua tofauti nilipokuwa nafungua mdomo. Sikuwa nimeshajua kosa lilikuwa wapi, hilo nijitetee nalo. Nilichokijua ni kwamba mawe yalichaguliwa na mikono yangu.

Fundi alikuja saa nne ya asubuhi hiyo hiyo, amesikia. Alichuchumaa kwenye duara, akaokota kipande cha jiwe lililopasuka, akaangalia upande wa ndani, akakinusa. Halafu akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia kipande.

"Mzee anaona?"

"Anaona vizuri."

"Haya."

Akakitia mfukoni mwa aproni, akaondoka. Nilisubiri aseme neno lolote, hata la kunitukana, ningepata mahali pa kuanzia. Jioni niliandika: Baba ameshonwa. Fundi amekuja.

Baba mkwe si mtu wa kusengenya. Watu walimuuliza habari ya bandeji, na yeye akawajibu alichoambiwa na mkwe wake. Kigangoni kwetu, pale kanisani, wanawake walikuwa wamekubaliana na Fundi awajengee tanuri kubwa la mikate na mahali pa moto pembeni yake, kazi ambayo aliisubiri kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote ninayoijua. Matofali yake alikuwa ameshayatenga nyuma ya nyumba, yale ya katikati ya tanuru, amefunika kwa turubai. Kamati ya kigango ikasema tusubiri kwanza. Halafu haikusema tena kitu. Kwenye bomba la maji ikawa utani: mawe ya Fundi yanalipuka. Mwenye baa akafukia shimo lake la moto, ambalo halikuwa hata na jiwe moja.

Siku moja mteja mmoja alinikalia kwenye benchi huku namwekea upepo kwenye tairi. Akasema, "Yule mama karibu ampofue mkweo, eti? Wanawake wawaachie wanaume kazi zao." Nilikuwa napiga pampu. Niliendelea kupiga pampu. Hilo sikuliandika siku ile, naliandika leo.

Mvua zilipoanza nikasikia amehamia Ikola, kule ziwani, wanakokausha samaki. Turubai lilibaki nyuma ya nyumba yake.

Duara ya kwangu niliibomoa. Kosa lilikuwa wapi nilikuja kuelezwa na mtu wa Mwese aliyeleta baiskeli, tena kwa kupita tu, akinisimulia habari za kwao. Alisema huko mawe ya moto huokotwa juu kabisa mlimani, yaliyokaushwa na jua miaka na miaka, maana jiwe la mtoni lina maji ndani usiyoyaona, na maji yakichemka hayana pa kutokea. Aliliita hivyo hivyo: jiwe bichi. Nilimrudishia baiskeli bila kufunga breki za nyuma, ikabidi nimkimbilie.

Zaidi ya mwaka nilikaa na hilo. Sijui niseme nini cha kujitetea kuhusu mwaka huo. Baba mkwe alikuwa bado yuko kwetu, nilikuwa naweza kumwambia siku yoyote. Kila siku niliona si siku nzuri.

Mwaka huu mke wangu alinituma Ikola kufuata dagaa. Nilifika adhuhuri, nikauliza, nikaelekezwa pale wanapobanika wale samaki wa migebuka. Fundi alikuwa anajenga safu ya majiko ya moshi. Amekonda, na kanga imezunguka pua na mdomo. Pembeni yake matofali ya kuchoma yaliyoletwa na lori kutoka bara, na nyuma yake ufukwe wote umejaa mawe mazuri ya mviringo ambayo hakugusa hata moja.

"Baiskeli," alisema, bila kushangaa.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Usikanyage udongo."

Nikasogea. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kwenye gari, na yote yakanitoka. Nikamwambia tu: nilikwenda mtoni, nikaacha ya kijani, nikachukua yale mengine, nikayasugua.

"Najua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Jiwe lilinuka sabuni." Alikuwa anaendelea kupanga matofali. "Nikasema, huyu mtu amehangaika. Mtu wa kudharau maneno hasugui mawe. Nilifika nyumbani ndio nikafikiria: bichi, kijani. Nikacheka peke yangu. Nilicheka huku naumia."

"Mbona hukusema, Fundi?"

"Niseme wapi? Nisimame uani kwako, mkweo ana bandeji, mkeo yupo mlangoni, nikuambie hujui Kiswahili?" Akagonganisha matofali mawili sikioni, akaweka moja, akatupa moja. "Na neno lilikuwa langu. Nilikuwa na haraka na majiko ya shule. Ningesema jiwe lenye maji, ningetumia pumzi kiasi gani?"

"Kosa ni langu."

"La jiwe tugawane. Nusu yangu, nusu yako." Hapo ndipo aliponigeukia. "Lile la pili je?"

Sikumuuliza la pili lipi.

"Naomba unisamehe, Fundi."

"Mkweo anajua?"

"Bado."

"Kigangoni wanajua?"

"Bado."

"Kwa hiyo umesafiri mpaka ziwani kuja kumwambia mtu mmoja tu anayejua." Hakusema kwa ukali, na angesema kwa ukali ingekuwa afadhali. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaenda kwenye kichanja, akarudi na mgebuka mmoja mkubwa, amekauka vizuri, akamfunga kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. "Huyu wa mzee. Mkononi mwake."

Nilielewa njiani, mfuko ukiwa mapajani. Nikimpa mzee samaki, atauliza ametoka kwa nani.

Akauliza. Alikuwa amekaa kibarazani, jua la asubuhi likimpiga miguu.

"Ametoka kwa Fundi, baba."

Akamweka samaki chini. "Yule aliyetaka kunitoa jicho."

"Hapana, baba. Aliyetaka kukutoa jicho ni mimi."

Nikamweleza yote, na jibu nililompa siku ile, na jinsi nilivyolipinda. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akaacha. Mzee alipitisha kidole kwenye kovu, akakaa nacho pale.

"Kijani," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mkwe, jiwe bichi ni jiwe lenye maji. Hata kuku wa Kasekese wanajua."

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimezunguka na jina la mama wa watu mdomoni kwa sababu yako." Hili alilisema taratibu sana. Nilitamani anipige. "Jumapili, kwenye matangazo, utasimama. Hivyo hivyo ulivyoniambia. Usipunguze sabuni."

Jumapili nikasimama. Nikashika benchi la mbele. Nilipofika kwenye kuacha ya kijani, mtu mmoja akacheka kwa pua, na nilipofika kwenye brashi na sabuni ya unga, kanisa lote likaanguka kicheko, katekista amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Nikamalizia lile jibu nililompa mkwe, na hapo hawakucheka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa anaangalia sakafu. Nje mama mmoja aliniita Bwana Kijani, na mpaka leo wapo wanaoniita hivyo, na sina cha kulalamika.

Mchana nikampigia Fundi. Nyuma yake palikuwa na upepo na watu wanaongea.

"Nimesema, Fundi. Kanisani."

"Walicheka?"

"Walicheka sana."

"Yote? Au kijani tu?"

"Ya kijani walicheka. Lile lingine walinyamaza."

"Ndivyo inavyotakiwa." Nikamsikia akimwambia mtu asogeze ndoo. "Mwenyekiti wenu amenipigia kabla yako. Anataka nirudi nijenge tanuri lao."

"Utarudi?"

"Nina kazi huku mpaka mvua. Lakini msingi unaweza kuanza. Nimemwambia mawe ya msingi ukayachague wewe."

Nilidhani ni upepo. Nikamwomba arudie, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alirudia bila kukasirika: mawe ukayachague wewe, peke yako, mimi sitakuja kuyaangalia.

"Fundi," nikamwambia, "mimi naogopa."

"Ndiyo maana nimekutaja," alisema.